Mdomo wa Rangi ya Chungwa Msituni Mbololo

Dada yangu Wakesho alinitumia habari Mombasa kwamba mumewe, Mwakio, ameamua kukata kipande cha msitu nyuma ya nyumba yao apande majani ya ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi. Humo ndimo mama alimokuwa akituonyesha ndege mwenye mdomo wa rangi ya chungwa. Mimi ni mtu wa kuhamahama, leo kazi hapa, kesho kule, lakini habari hiyo ilininyima raha. Nikapanda treni.

Voi nilifika alfajiri. Lori la mawe likanifikisha Mraru, na kutoka hapo nikapanda mlima Mbololo kwa miguu, joto la nyika likibaki chini na ukungu ukinipokea.

Jioni, tukila kimanga, mihogo iliyopondwa pamoja na maharagwe, Mwakio alisema ndege huyo aliisha zamani, nami nalilia utoto tu. Nikamwomba asikate kabla sijamtafuta. Akakubali, ila twende wote.

"Macho yako yamezoea kunguru wa Mombasa, shemeji."

Asubuhi tuliketi juu ya gogo. Miti ilikuwa imekwisha kutiwa alama kwa panga. Ndege mwenye kifua cha rangi ya kutu akatua mbele yetu. Nikamshika Mwakio mkono, nikamwambia ndiye.

Alicheka hadi akakohoa. "Huyo mwenye mstari mweupe juu ya jicho? Kila siku anaokota makombo jikoni kwangu. Umetoka Mombasa kumwona mgeni wangu."

Nikamwomba tungoje kidogo. Tukakaa. Mwakio alianza kutazama jua, maana ng'ombe walimngoja. Ndipo majani makavu yakakwaruzwa karibu na shina, na ndege mwingine akatoka akiyapindua kwa mdomo. Kichwa cheusi, tumbo jeupe, ubavu wa hudhurungi. Mdomo na duara la jicho vilikuwa kama chungwa lililoiva. Safari hii nilifunga mdomo, nikamngoja shemeji.

Alitazama mpaka ndege akarudi kivulini.

"Huyu sijawahi kumlisha," alinong'ona.

Tukiteremka alisimama kwenye shamba lake la mihogo kando ya kijito, akalipima kwa macho. "Majani yatamea hapa pia. Mwambie dada yako wewe. Mimi atanicheka."

Nilimwambia. Hakumcheka, alimwongezea chai.

Kesho yake, treni ikiiacha Voi, nilielewa kwamba maneno yangu yasingeuokoa msitu ule. Mwenye panga alihitaji kumwona ndege kwa macho yake.