Bastola ya Baba Mkwe

Wengine hukusanya stempu. Mimi hukusanya bastola kuukuu za Kihispania, zile zilizozibwa mtutu kisheria hata haziwezi kumtisha panya. Mke wangu anaziita vyuma chakavu. Kila nikiingia na moja nyumbani kwetu Anderlecht, huku kwa Wabelgiji, hunitazama kana kwamba nimeleta mke wa pili.

Baba mkwe naye ana yake moja, na hiyo moja imenitesa kuliko zangu zote. Mzee ni mtu wa Bukavu, anakaa Molenbeek, mtaa wa jirani. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Kila Jumapili, tukishamaliza sombe, kisamvu chao, huitoa kabatini na kusimulia jinsi babu yake, askari wa Wabelgiji katika vita kuu vya kwanza, alivyoingia Tabora kwa kishindo na kuzawadiwa bastola ile na afisa wake. Kisha hunigeukia na kudai shukrani kwa kuwa walitukomboa. Mashemeji hucheka hadi kushika mbavu. Mimi hujibu kwamba tuliwapisha kwa adabu, maana wageni walikuwa na njaa.

Kuigusa hakuniruhusu hata siku moja. Lakini mwaka huu parokia yake iliandaa maonyesho ya vitu vya mababu, na waandaaji wakataka kila kitu kikaguliwe na mtu anayekijua. Mzee akanikabidhi bastola jikoni, mlango umefungwa. Alishawaahidi watu wote kwamba ndiyo itakayokaa mezani mbele ya padri.

Nikatoa lenzi yangu. Namba ya chini ililingana na ya juu. Mbao za mshiko zilikuwa zake tangu kiwandani, zimelainishwa na viganja. Jina la Eibar, mji wa Wahispania zilikoundwa bastola hizi, lilikaa mahali pake, na mihuri inayogongwa silaha ikishajaribiwa ilikuwa ya kweli, mistari yake mikali, si ile miviringo hafifu ya waghushi. Moyo wangu wa mkusanyaji ukaruka kwa furaha. Halafu, kando ya mihuri, nikaiona herufi ndogo. Wahispania walianza kugonga herufi hiyo, ya kuonyesha mwaka, vita vile vikiwa vimekwisha zamani. Babu asingeweza kupewa Tabora kitu ambacho hakijatengenezwa.

Nakiri nilitabasamu. Nilikuwa nimepata dawa ya Jumapili zote zilizobaki. Nikainua uso, nikakuta mzee ananitazama kama mgonjwa anayemsubiri daktari aseme, na hamu ya kumtania ikaniisha palepale. Nikamwambia bastola ni halisi, kila kipande chake.

“Na mwaka?” akauliza.

Nikarudisha lenzi mfukoni. Akavuta kiti, akakaa.

“Niliinunua hapa hapa, ku vieux marché, soko ya vitu vya zamani, mwaka nilifika. Babu yangu hakukuwa na bunduki, mukwe. Balimubebesha mizigo tu, kutoka Kivu mpaka kule kwenu. Alirudia na mabega ya kuumia, bon, na hakuna muntu alimupa hata kifungo ya shati.”

Nilimhurumia hadi nikakosa pa kuweka mikono. Nikasema, kwa upande wangu, kazi yangu ni chuma. Chuma ni cha kweli, na hadithi ni yake. Akaifunga bastola katika kitambaa.

Siku ya maonyesho meza yake ilikuwa tupu. Watu waliuliza bastola iko wapi. Mzee akasimama, suti imemkaa vizuri, sauti haikumkaa, akawaeleza kwamba babu yake hakuwa askari, alikuwa mpagazi, na kwamba yeye aliona aibu kulisema neno hilo maisha yake yote.

Nikamwona mke wangu anajifuta macho. Kisha maman mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono, akasema, “Na wangu.” Papa mwingine akafuata, na mwingine tena. Mimi natoka kwa watu waliobeba mizigo ya wenzao toka pwani hadi bara, vizazi na vizazi, na sikuwahi kulitamka hilo mbele ya wakwe. Nami nikanyoosha mkono wangu.