Mashine Mbili, Anwani Moja

Nyumbani walimwita Opareta, na mtaani wengi hawakujua kama ana jina jingine. Miaka ishirini na tisa alikaa katika shirika la simu, kwenye ubao wa kuunganishia, akiunganisha watu na watu. Alikuwa amekula kiapo kwamba hatasema atakayoyasikia, lakini kusikia hakukatazwa, na alisikia mengi: wanaume wakiaga kwa safari wasizokwenda, ndugu wakigawana mali ya mgonjwa ambaye bado anapumua. Alipostaafu alirudi nyumbani na pensheni yake, maumivu ya shingo, na tabia moja iliyokataa kustaafu. Mtu akishusha sauti tu, masikio yake yanasimama.

Aliishi na mdogo wake, mkunga, pamoja na mume wa mdogo wake, dereva wa gari la wagonjwa, katika nyumba waliyoachiwa na mama yao. Kwenye kabati la korido aliweka kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani. Aliifuta vumbi, akaiwekea mfumo wa Linux kwa kufuata maelezo aliyoyachapisha karatasi kwa karatasi, akaigeuza kuwa seva ya nyumbani. Haikuwa na skrini wala kibodi. Ilikaa humo gizani ikivuma kama mtu aliyelala na mafua. Ndani yake kulikuwa na picha za ukoo, sauti ya mama akisimulia ujana wake, na nakala ya hati ya nyumba. Juu ya mashine alibandika karatasi yenye anwani yake kwenye mtandao, namba zilizotenganishwa kwa nukta, ili asiisahau.

Jumanne moja asubuhi alitaka kumsikiliza mama. Alifungua kompyuta yake ya mapajani, akaitafuta seva. Hola. Akajaribu tena, ikafunguka nusu, ikakwama. Mara ya tatu ikajibu vizuri, halafu ikapotea kabisa.

"Umegusa kabati langu?" alimuuliza mdogo wake, aliyekuwa anavaa viatu aende kazini.

"Dada, mimi na kabati lako tuna ugomvi gani? Nimefagia korido, basi."

"Ulifagia mpaka wapi?"

Mkunga alimwangalia, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Opareta alibadilisha waya. Akachomeka kwenye tundu jingine la ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao nyumbani. Taa ndogo za kijani zilipepesa kama kawaida, maana yake waya unapitisha. Akabeba skrini na kibodi, akaviunganisha, akasoma faili alimoandika anwani kwa mkono wake mwenyewe. Haikuwa imebadilika hata nukta. Akatazama orodha ya walioingia kwenye mashine: yeye peke yake, miezi yote. Hapo mtu mwingine angetulia. Yeye machale ndiyo yalianza kumcheza. Mwizi mzuri, alijua, haachi jina kwenye daftari la wageni.

Na alikuwa na mtu wake tayari.

Wiki mbili zilizopita shemeji yake alimfuata jikoni, akaegemea mlango, akauliza kama hivihivi tu: "Shemeji, yale makaratasi ya nyumba uliyaingizaje kwenye mashine?" Akajibiwa kwa mkato. Tangu hapo alikuwa haeleweki. Akirudi kazini anapita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, kile cha kuwekea vitu vibovu, na anajifungia. Jumamosi aliingiza boksi kubwa lililofunikwa shuka. Jumapili alipita na karatasi kwapani, na alipomwona Opareta akazibana zaidi. Hati, makaratasi, mlango uliofungwa. Opareta hakuhitaji kuambiwa. Simu za namna hiyo alikuwa ameziunganisha kwa vidole vyake.

Kulikuwa na amri moja aliyoipenda kuliko zote. Yeye aliiita kupiga hodi: unaiandika pamoja na anwani, na mashine yenye anwani hiyo inaitika kila sekunde. Akaianzisha kwenye kompyuta ya mapajani. Seva ikaitika, ikakaa kimya, ikaitika. Akaenda kwenye kabati, akachomoa waya wa seva kabisa, ukabaki unaning'inia mkononi mwake. Akarudi sebuleni.

Hodi ilikuwa bado inaitikiwa.

Alisimama pale na waya mkononi. Seva imekatwa, na mtu anaitika kwa anwani yake. Akatazama namba ya kiwandani ya mashine inayojibu, ile ambayo kila kadi ya mtandao huzaliwa nayo. Haikuwa ya seva. Humu ndani ya nyumba kulikuwa na mashine nyingine imevaa anwani ya mashine yake, na ruta haijui impe nani barua.

Shemeji siku hiyo alikuwa na mapumziko. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa.

Opareta hakugonga. Alichukua kompyuta yake, akaenda kwenye boksi la swichi za umeme, akaanza kuzima chumba kimoja kimoja, jicho kwenye skrini. Chumba chake: hodi inaitikiwa. Chumba cha mdogo wake: inaitikiwa. Jikoni: inaitikiwa. Alipozima chumba cha nyuma, kimya.

"Nani kazima umeme?" sauti ilitoka huko ndani.

"Mimi!" alijibu. "Fungua, shemeji, kabla sijamwita mke wako kazini."

Kitasa kilizunguka taratibu. Dereva alisimama mlangoni. Nyuma yake, juu ya meza mbovu, ilikaa printa ya mitumba, na sakafuni zilitapakaa karatasi. Opareta alimpita, akaokota moja akitarajia kuona jina la mama yake. Ilikuwa fomu ya safari za hospitali: tarehe, jina la mtaa, namba ya nyumba ya mgonjwa. Kila herufi ilikuwa kubwa kama kidole gumba.

Akaokota nyingine. Vilevile.

"Hii namba umeitoa wapi?" aliuliza, akionyesha printa, kwa sababu hilo ndilo swali lililokuwa limetangulia mdomoni.

"Namba gani? Ah, ile. Printa iliniuliza anwani. Nikaona wewe umebandika pale kwenye mashine yako, nikajua ndiyo namba ya nyumba. Nimekosea?"

"Umekosea."

Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Hasira aliyokuja nayo haikupata pa kutua. "Tangu lini huoni?"

"Naona. Ni maandishi tu, yanakuwa kama yamemwagikiwa maji. Ndiyo maana nilikuuliza makaratasi yanaingizwaje kwenye mashine, niyakuze. Barabara naiona vizuri."

Opareta alimshika mkono, akampeleka hadi dirishani. Ng'ambo ya barabara gari lilikuwa limeegeshwa. "Nisomee namba ya lile gari."

Dereva alikunja uso. "Jekundu," alisema.

"Nimekuuliza namba, sikukuuliza rangi."

Dereva aligeuka kutoka dirishani. Akasema kwa sauti ndogo, "Usimwambie mke wangu. Akijua yeye, hospitali nzima imejua. Gari watanipokonya, shemeji. Mimi bila gari ni nani?"

Hapo Opareta alibabaika. Siri alijua kuzitunza. Alizitunza maisha yake yote. Lakini zile zilikuwa siri za watu waliokuwa mwisho wa waya, wasioonekana. Huyu alikuwa anabeba wajawazito.

"Kesho una zamu?"

"Alfajiri."

"Huendi. Leo mkeo akirudi unamwambia kwa mdomo wako. Usipomwambia, namwambia mimi."

Jioni dereva alimwambia mkewe. Opareta alikuwa chumbani kwake na mlango wazi kidogo, na safari hii hakusikia maneno, alisikia kilio tu, asijue cha nani. Kisha mdogo wake akatoka, akasimama mbele yake.

"Ulijua tangu asubuhi, dada?"

"Tangu asubuhi."

"Na kabla ya hapo ulidhani anafanya nini humo ndani?"

Opareta alijaribu kuumauma maneno, akashindwa, akasema ukweli: alidhani anaiba nyumba. Mkunga alimtazama kama mgeni aliyekosea mlango. Siku nne hakumsemesha zaidi ya "pisha" na "asante".

Daktari alikuta mtoto wa jicho, macho yote mawili. Moja walilipasua wiki iliyofuata, la pili likapangiwa mwezi mwingine. Hospitali ilimweka dereva ofisini, kupokea simu za wanaohitaji gari. Siku ya kwanza alirudi kichwa kinamuuma.

"Shemeji," alisema akivua viatu, "mliwezaje? Watu wote wanaongea kwa wakati mmoja."

Opareta alimvutia kiti. Printa alikuwa ameshaipa anwani yake yenyewe, na seva inafunguka bila shida.

"Kwanza," alimwambia, "usimsikilize anayepiga kelele. Msikilize aliyenyamaza ghafla."