Kimya Alivyosomea Uhusiano

Dada yangu hakuiomba kozi ile. Aliomba ukunga, chaguo la pili akaweka ualimu, na kwa kuwa fomu ilidai la tatu, akafumba macho akagusa popote. Majina yalipotoka, alikuwa amepangiwa Mawasiliano na Uhusiano wa Umma. Tulikaa kitandani tukaisoma simu mara tatu, kama watu waliopokea barua ya mahakama.

"Ndiyo nini hii?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Tulimwita Kimya tangu utotoni. Hakuwa bubu wala hakuwa na majivuno. Maneno yake yalitoka kwa kibaba tu. Ukimuuliza kama ameshiba, anakusogezea sahani uone mwenyewe. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye anakwenda kusomea kuongea! Mama ni fundi cherehani, na kibaraza cha nyumba yetu ndiyo karakana yake. Aliposikia habari aling'ata uzi, akatafakari, kisha akawatangazia wateja: "Binti yangu anasomea uhusiano." Neno "umma" alilidondosha njiani, na mkasa wote ulianzia hapo.

Mjomba yeye alishika neno "mawasiliano". Jumapili ya kwanza alifika na redio kwapani. "Inakoroma tu," akasema. "Wewe si ndiye mtu wa mawasiliano?" Kimya akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaipuliza vumbi, redio ikaendelea kukoroma. Mjomba akaondoka nayo, akisema labda mwaka wa kwanza hawajafika kwenye redio.

Chuoni nako hakukuwa na nafuu. Mhadhiri wao, mama wa makamo anayening'iniza miwani kwa kamba shingoni, aliwafundisha kwamba kila taasisi ina umma zaidi ya mmoja. Kimya alirudi na jambo hilo kama mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake.

"Kumbe umma si mmoja," aliniambia tukiosha vyombo.

"Ziko ngapi?"

"Hajasema."

Kisha likaja zoezi la kusimama mbele ya darasa. Kila mwanafunzi alijifanya msemaji wa kiwanda cha sabuni kilichowawasha watu ngozi, wenzake wakawa waandishi wa habari. Kimya alisimama, akapigwa maswali matano mfululizo. Akawatazama wote, akasema, "Poleni," akarudi kukaa. Darasa lilivunjika mbavu. Mhadhiri aliandika kitu asiseme ni nini, na matokeo yalipobandikwa, Kimya alikuwa na tisa kwa ishirini.

"Sielewi zile tisa nimepewa za nini," alisema, "na zile kumi na moja zimekwenda wapi."

Muhula wa pili, Jumamosi moja asubuhi, shangazi yetu aliingia na mumewe, dereva wa lori, kila mmoja ametazama upande wake. Shangazi akavuta kiti mbele ya Kimya. "Mwanangu, wewe unasomea haya mambo. Tuamue."

Kimya alimtazama mama kumwomba msaada. Mama akaongeza kasi ya cherehani. Basi Kimya akafungua daftari, akashika kalamu kama yuko darasani, akasubiri.

Shangazi alianza: kila siku mumewe anakula kwa dada yake mwenyewe, ndipo aje nyumbani kuchezea kijiko. Ni dharau. Mume akajibu kwamba anasingiziwa. Wakapanda, wakashuka, wakafukua hata makosa ya mwaka wa harusi. Kimya alikuwa akimgeukia yule anayesema, na akimaliza anaendelea kumtazama, kana kwamba bado kuna kitu kimebaki. Saa mbili nzima. Mwishowe dereva akashika shavu. "Jino," akasema kwa sauti ndogo. "Jino limeoza, mke wangu. Kwa dada wananipondea chakula. Niliona aibu kukuambia upike kama wa mtoto."

Shangazi alicheka mpaka kanga ikamwanguka. Walitoka wameshikana mikono, na kibarazani shangazi akapaza sauti: "Huyu mtoto elimu imemkaa!"

Daftari nililikagua mwenyewe. Hakuwa ameandika hata nukta.

Basi wakaanza kuja. Mawifi wasiosemezana, majirani waliogombania kamba ya kuanikia nguo, baba na mwanawe. Wateja wa mama wakazidi ghafla, kila mmoja na pindo la kushonewa, na masikio yote ndani. Kimya alizidi kuchanganyikiwa. "Chuoni nikinyamaza nafeli," aliniambia. "Hapa nikinyamaza wananishukuru. Na ni kunyamaza kulekule. Nikosoe, nimekosea wapi?" Ningemkosoa vipi, nami nilikuwa sekondari?

Mwaka wa pili akaja seremala wa nyumba ya nyuma na mkewe, mwalimu wa chekechea. Miaka kumi na moja ya ndoa. Seremala alieleza kwa saa nzima: mke hacheki siku hizi, mke hajibu, mke yuko kama mgeni. Mke alikuwa ameinamia mikono yake. Mumewe alipomaliza, Kimya akamgeukia yule mwalimu, akamtazama kama alivyowatazama wengine. Watu wawili wasiosema kitu. Hata mama alisimamisha cherehani.

"Nimechoka," mke akasema mwishowe. "Sikuchukii. Ila sitaki tena."

Kesho yake aliondoka na sanduku moja na chungu cha maua. Seremala akaja kibarazani, vumbi la mbao bado limo kwenye nyusi. "Mama, niliileta ndoa yangu hapa itengenezwe, binti yako ameipasua! Ndivyo wanavyofundishwa?"

Wateja walikuwepo. Mama alishikwa na aibu mpaka akashona mkono wa gauni mahali pa shingo. Alipoingia ndani akauliza, "Ulimwambia nini yule mwanamke?"

"Sikumwambia kitu."

"Ndicho hichohicho!"

Kimya akafunga shughuli. Akawa anakula nusu sahani. Wiki ya tatu tulikutana na yule mwalimu wa chekechea njiani, akamkumbatia dada yangu. "Miaka yote nilikuwa natafuta mtu asiyenikatiza," akamwambia. "Mungu akulipe." Nilidhani Kimya atafurahi. Alikaa ukingoni mwa barabara. "Jambo ni moja," akasema. "Mmoja anasema nimempasua, mwingine anasema nimemponya. Mimi nishike lipi?"

Jumatatu alinivuta twende kwa mhadhiri. Mimi nilibaki kwenye benchi la nje, mlango wazi.

"Mwalimu," nikamsikia, "watu wawili wakielewana kabisa, halafu wakaachana, mawasiliano yamefanikiwa au yameshindwa?"

Sikuwahi kumsikia akitoa sentensi ndefu hivyo mbele ya mtu wa nje. Mhadhiri aliivua miwani ikaning'inia. "Kitabu kinasema..." akaanza, akakwama. "Unajua? Sijui." Kisha akaongeza, "Nenda kaandike. Utafiti wako wa mwisho uwe huo. Ila achana na ndoa za watu, tafuta taasisi."

Alitoka amenywea. Alikwenda na swali moja, akarudi nalo lilelile, na utafiti juu yake.

Mwaka wa tatu alipelekwa mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya maji. Mkuu wa uhusiano alimjaribu siku moja kwenye simu za waandishi, kisha akamhamishia dirisha la malalamiko, ambako hakuna aliyetaka kukaa. Miezi mitatu alisikiliza watu waliokaukiwa na mabomba. Aligundua kwamba maofisa wengi humkatiza mlalamikaji kabla hajamaliza sentensi ya pili. Aligundua pia jambo lililomnyima raha: asiyekatizwa aliondoka anatabasamu, hata kama bomba lake bado kavu.

"Maji hayajatoka," aliniambia, "lakini ameniombea dua. Nimemsaidia au nimemhadaa?"

Aliliandika hivyohivyo kwenye utafiti. Mtahini mmoja akamuuliza, "Hitimisho lako liko wapi?" Akajibu, "Bado sijalipata." Walimpa alama za wastani, akavaa joho, mama akamshonea gauni la kuvaa ndani yake bila kukosea hata mshono.

Ofisi ya maji ilimwajiri, dirisha lilelile. Huu ni mwaka wake wa pili. Akishasikiliza, humpigia fundi hapohapo, anaandika kwenye karatasi siku fundi atakayokuja na kumpa mlalamikaji. Siku ikipita bure, anakwenda mwenyewe mtaani kusema imepita. Wenzake wanamwona anajitafutia matusi.

Juzi mama mmoja alimfokea muda mrefu, kisha akagonga meza: "Mbona hunijibu?" Kimya akamwambia fundi hajapatikana, na hajui atapatikana lini. Yule mama akaondoka bila tabasamu wala dua.

Alitusimulia wakati wa kula, akimaliza sahani yake yote. Mama akamuuliza kulikoni, mbona ametukanwa na uso umemng'aa?

"Hata mimi najiuliza," akasema, akaomba aongezewe mchuzi.