Siku Baba Alipoishiwa Mistari

Moshi wa kuni mbichi za miti ya miwati uliingia katika kila kitu chetu pale kijijini Uwemba: mablanketi, sweta za shule, hata uji. Msimu ule wa baridi ukungu haukuinuka mpaka karibu na adhuhuri, nasi tulishinda jikoni tukimsikiliza Baba, mwalimu wa shule ya msingi, akikariri mistari ya mwandishi mmoja wa tamthilia aliyekufa karne nyingi kabla yetu. Aliwahi kuigiza mchezo wake chuoni, na tangu hapo hakupona. Chumvi ikiisha, mstari. Ng'ombe akigoma kukamuliwa, mstari. Mama alipofariki, waliokuja kutoa pole nao walijibiwa kwa mistari. Chozi lake sikuliona.

Ndipo wakaja watu wa Makambako kumposa dada yangu Edita. Mchumba, Festo, alikuwa mfanyabiashara wa viazi, kijana mpole, na dada alimpenda waziwazi. Baba alivaa koti la Jumapili, akasimama, akaanza kukariri habari za mapenzi, mwezi na wafalme walioangamia. Chai ikapoa. Mshenga, mzee mvumilivu kweli, akakohoa.

"Mwalimu, tumekuja kutaka jibu."

Baba akaongeza mstari. Wageni wakatazamana, wakachukua kofia zao. Walidhani wamekataliwa kwa lugha ya heshima. Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Ya Baba yalikuwa yanamtoa mkwe sebuleni.

Edita akasimama mlangoni, akawazuia. "Baba, nimechoka! Huyo marehemu wako hanijui. Wewe ndiwe uliyenizaa. Wewe unasemaje?"

Baba akaanza mstari, akauacha katikati. Kisha akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Ukiondoka, mwanangu, nyumba hii nitaiwezaje?" Akalia mbele ya wageni wote, machozi yakidondokea koti. Mshenga akarudi kuketi. Nikatumwa kupasha chai. Edita aliolewa baada ya mavuno.

Siku hizi mistari ya namna ile huja yenyewe kwenye simu, imepambwa maua, na nusu yake sidhani kama mwandishi yule aliwahi kuiandika. Baba angalau aliikariri kwa jasho, akaitamka huku watu wakimtazama usoni. Juzi mume wangu, ambaye hatukuwa tumesemezana naye tangu asubuhi, alinitumia mstari mmoja kuhusu mapenzi ya milele, naye ameketi chumba cha pili! Nikaweka simu mezani, nikamfuata.

"Haya," nikamwambia, "sema."