Siku Mama Alipovua Ebitinge

Harufu ya chuma kikisuguliwa kwa tupa bado hunirudisha uani kwetu, Ekerenyo. Mama ameketi kwenye kigoda, mguu juu ya jiwe, na baba anamkata ebitinge, zile pete za chuma za miguuni ambazo mke hakuzivua ila mumewe akifa. Kesho yake mama angebatizwa mtoni.

Nyanya, mama yake baba, alijishika kichwa. "Mke wa mwanangu, unavua za nini? Mumeo si huyu hapa, mzima?"

"Mama, Mungu siwezi kumpa nusu," mama alijibu. "Nikimwendea, nimwendee mzimamzima."

Nilimtazama baba. Aliendelea kusugua, machozi yakimtiririka. Sikujua kama alikuwa amekubali au ameshindwa.

"Baba, utakufa?" nilimuuliza.

"Shika mguu wa mama yako, usitikisike."

Nikaushika.

Jioni hiyo mama aliingia jikoni na kutoka bila ule mlio wa miguuni tuliomjua nao. Nilimwita tena na tena, "Mama, uko?" Kila mara aliitika akiwa karibu kabisa, na bado nikaendelea kumwita.