Paa Moja, Wake Wawili

Marehemu mume wetu alituachia nyumba moja ndefu hapa Kilindoni, mimi upande wa kulia, mke mwenzangu wa kushoto, paa moja la makuti. Walioliezeka nawakumbuka wote kwa majina, na wapangaji waliopita pia, ila sitaki kuwaanika watu.

Masika haya mwenzangu aliezua makuti ya upande wake akaezeka bati. Likang'aa! Kila apitaye, "Hongera, bi mdogo." Nami nipo barazani nakuna nazi. Bi mdogo gani, mwenye vitukuu?

Mvua ilipokuja, pale bati lilipokutana na makuti maji yakapata njia, yakamshukia mpangaji wangu, mwalimu. Asubuhi akatoka na godoro kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unahama?"

"Naanika. Ila nikilowa tena, bibi, nitaomba chumba kule." Akaelekeza kidevu kwa mwenzangu.

Moyo ukaniwaka. Alishanichukulia nusu ya mume, sasa anichukulie na mpangaji! Kodi ya mwalimu ndiyo sukari yangu, ndiyo dawa yangu ya presha.

Usiku ule akalowa tena, na kweli akaenda kuomba. Nikatega sikio dirishani. Mwenzangu akamjibu, "Simchukui mpangaji wa bi mkubwa wangu. Mvumilie, atatengeneza."

Utadhani nilifurahi. Wapi! Niliumia zaidi: hata kwa wema kanitangulia.

Nikauza nazi za shamba langu la Ndagoni, hata zile nilizoweka za mbegu, nikamwita fundi. Akapima, akasema, "Bibi, kwa hela hii bati la kawaida litafunika vyumba vyako vyote vitatu."

"Na la kule ni lipi?"

"La kawaida."

"Basi langu liwe la rangi. Kijani."

"La rangi ni ghali, bibi. Utapata vyumba viwili."

"Ezeka viwili."

Akacheka. "Na cha tatu, cha makuti, analala nani? Maana maji yatahamia huko."

"Wewe gonga misumari, baba."

Akagonga. Chumba cha mwalimu kikakauka, mwenyewe akatulia, kodi ikaja. Wapita njia wakasimama: "Hongera, bi mkubwa!" Mwenzangu akatoka uani, akaliangalia lile bati muda mrefu, mkono kiunoni. Siku ile nilikula wali nikausikia utamu.

Juzi asubuhi ikanyesha ya kumwaga. Nimekaa kitandani, chumba cha tatu, kinachopakana na kwa mwenzangu kwa nyuma, sufuria mapajani, makuti yananitiririkia. Ukuta ukagongwa.

"Bi mkubwa, kwako kunavuja? Njoo huku, kukavu, na chai iko tayari."

"Kwangu? Kuvuje, na bati la rangi?"

Nikasikia anacheka peke yake, upande wa pili.

Nikamwaga sufuria dirishani polepole, asisikie, nikairudisha mapajani.