Limau Juu ya Mchanga

Juzi nilirudi kijijini kwetu Muleba, nikakuta chungu cha mchanga cha Bibi kimesukumwa nyuma ya jiko, mdomo umepasuka. Ndani, mchanga ulikuwa mweupe vilevile. Nikachuchumaa hapo.

Masika moja ya utotoni, mdogo wangu alikuwa ametoka hospitali, kuhara kumemmaliza. Muuguzi alisema anywe maji mengi. Lakini kijito chetu kilikuwa tope tupu, na hata yakichemshwa, maji yalibaki na rangi ya chai na harufu ya udongo. Mdogo wangu aliyatema. Midomo ikamkauka, na Bibi akaacha kuimba shambani.

Ndipo akanichukua ziwani kutafuta mchanga. Tuliuosha hukohuko, tukiukoroga kwa mikono na kumwaga uchafu, hadi maji yakatoka kama yalivyoingia. Kisha Bibi akakamua limau juu ya konzi moja ya mchanga huo. Mchanga ukatoa povu kama soda.

"Una magamba ya konokono huo," alisema, akaumwaga. "Magamba huliwa na maji. Nautaka ule mgumu, usioyeyuka."

Tukasogea mbali, tukaosha upya, na safari hii mchanga ulikaa kimya chini ya limau. Tulipopita na ndoo kichwani, jirani akatucheka, akimwita Bibi kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu mama, ndizi zimekwisha? Leo mnapika mchanga?"

"Njoo na sahani yako," Bibi akamjibu bila kusimama.

Alitandika changarawe kwenye chungu chenye tundu chini, akajaza mchanga, akamimina maji ya kijito. Yalidondoka tone kwa tone, mchana kutwa, huku ndizi na maharage vikinukia jikoni. Akayachemsha, akayapoza, akayatia kwenye bilauri yake ya wageni. Nikamnong'oneza alichotufundisha mwalimu, kwamba kioo ni mchanga ulioyeyushwa kwa moto mkali. Akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

"Basi mchanga umeyasafisha, mchanga umeyabeba."

Mdogo wangu aliinua bilauri, akachungulia.

"Bibi, nakuona!"

Akanywa yote, akaomba tena.

Siku hizi bomba liko barabarani. Mchanga wa ziwani hupakiwa kwenye malori kwenda kujenga, na hakuna anayeuonjesha limau. Mdogo wangu ni mrefu kuliko mimi. Bibi tulimzika pembeni ya migomba yake.

Nilichuma limau uani, nikakamua juu ya ule mchanga, nikainamisha sikio.

Kimya. Bado ni safi, Bibi.